Kamera Isiyo na Mlio

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa na mlio uliosikika hadi chumba cha pili. Kila nilipobonyeza, kioo kilichomo ndani kiliruka juu kikarudi chini, kwaa, kama mlango wa kabati uliofungwa na mtu aliyenuna. Kwa miaka yote niliyoitumia sikuwahi kuufikiria mlio huo. Ulikuwa kama kikohozi cha mtu wa nyumbani: unakisikia bila kukisikiliza.

Kazi yangu ni kupiga picha harusi za wanawake, Kismayo na visiwa vilivyo kusini yake. Siku ya kutolewa bibi harusi wanawake huvua mabuibui, hufungua nywele, huvaa dhahabu na asumini, na hakuna mwanamume anayekanyaga ua ule, hata awe ndugu wa tumbo moja na bibi harusi. Simu zote huachwa mlangoni ndani ya kapu, na mama mmoja mwenye sauti hukaa kando ya kapu hilo mpaka shughuli iishe. Anayeruhusiwa kuingia na kitu chenye jicho ni mimi peke yangu.

Sikupewa ruhusa hiyo kwa ufundi. Mama yangu alikuwa mpambaji wa mabibi harusi. Alipofariki, na baba ametangulia, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa kwa mdogo wangu wa kiume na mdogo wangu wa kike. Niliacha shule, nikaushika mkoba wa mama wa hina. Mkono wangu ulikuwa mzito. Maua niliyochora yalifanana na nyayo za kuku. Watu waliendelea kuniita kwa heshima ya marehemu tu, mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa akihamia Ulaya kwa wanawe akaniachia kamera yake. Aliniambia, "Mkono hukujaaliwa, lakini umejaaliwa mdomo mzito. Kazi hii inataka mdomo mzito."

Akanipa na sharti lake, ambalo nimelishika hadi leo: harusi moja, kadi moja. Shughuli ikiisha naitoa kadi ndani ya kamera mbele ya macho ya watu, naitia mkononi mwa mama wa bibi harusi. Yeye ndiye mwenye picha. Akitaka kuchapisha, huja kwangu na kadi yake, hukaa bega kwa bega na mimi mbele ya mashine, na huondoka nayo. Mimi sibaki na kitu. Wanawake wanajua kuwa sibaki na kitu, na kwa ajili hiyo tu tumekula na kusoma, wadogo zangu na mimi.

Kushuku kulinijia mapema. Nyumba ya mayatima hupata wageni wengi. Walikuja wakitushika vichwa na kutuombea dua, na kila alipoondoka mmoja nilikuwa nikitazama chumba kuona kilichopungua. Cherehani ya mama ilichukuliwa ikatunzwe, na inatunzwa hadi leo. Mdogo wangu wa kike hunicheka. "Dada," huniambia, "wewe hata maji ya mtungi unayauliza yametoka wapi." Nami humjibu kwamba ndiyo maana hajawahi kuumwa tumbo.

Basi kioo cha ile kamera kikaanza kukwama. Nilibonyeza, kikaruka juu, kikakataa kurudi, na dirisha la kuchungulia likawa jeusi. Fundi aliifungua, akaipuliza, akaniambia chumvi imeila na umri wake umefika. Nikampigia mdogo wangu wa kiume aliye Mombasa, nimwombe anitafutie nyingine kama ile, ya kioo, hata iwe imetumika.

"Dada, achana na hizo," akasema. "Hizo DSLR zimepitwa. Sasa watu wanatumia mirrorless, hazina kioo ndani. Nyepesi, na picha unaiona kabla hujapiga."

"Nitaionaje kabla sijapiga?"

"Kuna skrini ndogo pale unapochungulia. Inakuonyesha itakavyotoka."

"Kwa hiyo simtazami mtu, natazama televisheni."

Akacheka. "Kampuni zenyewe zinaacha kutengeneza zile za zamani."

"Nani kakuambia?"

"Dunia nzima inajua."

"Dunia nzima ina haraka gani na mimi?"

Hapo akaniambia kuna mtu hapohapo Kismayo, mwenye studio karibu na soko, anauza yake isiyo na kioo, nzima kabisa. Alisoma naye kambini Kenya, tulipokuwa bado wakimbizi. Nikamshukuru, nikakata simu, nikakaa nikiitazama ile simu. Mdogo wangu hakuwahi kunitajia mtu huyo hata mara moja. Sasa amekuwa rafiki, tena ana kitu cha kuuza, tena kitu kilekile ninachokihitaji.

Nilikwenda studio hata hivyo. Mwenyewe alikuwa kijana mpole, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, anayepiga picha za pasi na nikaha za msikitini. Aliniita "abaayo," kama Wasomali wanavyomwita dada, na aliniwekea kamera mezani juu ya kitambaa. Ilikuwa ndogo. Ile yangu kubwa niliivaa kifuani kwenye vizuizi vya barabarani ili askari waione kutoka mbali na kunijua kuwa mimi ndiye yule wa harusi. Hii ingeingia ndani ya buibui isionekane, na kitu kinachoingia ndani ya buibui bila kuonekana huwatia askari maswali.

Nikaichunguza kama ninavyochunguza samaki. Nilipotoa lenzi nikaliona jicho lake la ndani liko wazi, linanitazama. Kwenye ile ya zamani kioo kilikaa mbele ya jicho kama pazia. Hapa hapakuwa na pazia. Nikawaza mchanga na upepo wa kisiwani. Nikauliza betri. Akasema inakula betri zaidi kidogo, kwa sababu skrini inawaka muda wote, lakini atanipa na ya akiba. Nikawaza kisiwa ambako umeme ni wa sola ya mtu na mtu mwenyewe lazima aombwe. Kisha nikabonyeza.

Nikangoja. Nikabonyeza tena.

"Mbona haipigi?"

"Imeshapiga, abaayo. Tazama." Akanionyesha picha kwenye skrini: mimi mwenyewe ninavyoonekana katika kioo cha dirisha, nimekunja uso. "Haina mlio. Napiga nikaha msikitini, sheikh hapendi kelele kwenye hutuba. Kwa hii, hata mtu aliye pembeni yangu hajui."

Hajui. Nilirudi nyumbani na neno hilo. Lakini harusi ya kisiwani Kudhaa ilikuwa imekaribia na sikuwa na kamera nyingine, na yule kijana akasema niichukue tu, nijaribu, nikiipenda tutazungumza. Hilo nalo nililishuku. Mtu anayekupa kitu cha thamani bila kukuuliza utakirudisha lini, ama ni mwema sana ama ana ufunguo wa pili.

Tulikwenda Kudhaa, mdogo wangu wa kike na mimi, kwa boti ya mashine, kamera nimeifunga kwa nailoni na kanga mbili. Familia ile niliijua. Binti yao mkubwa nilimpiga picha mimi. Mama wa bibi harusi ni mwanamke mrefu, mkali wa macho, ambaye hawezi kukaa bila kupanga kitu. Mama mkwe wake, bibi yake bibi harusi, macho yamemwisha. Hukaa kwenye mkeka kando ya mlango wa ndani na kuishika shughuli yote kwa masikio: nani kaingia, chetezo kimefika wapi, ngoma ya nani imelegea.

Alasiri bibi harusi akatolewa. Walimpamba vizuri, asumini zilimfunika mpaka mabegani. Nikachutama, nikachungulia, nikabonyeza, nikasogea, nikabonyeza. Bibi harusi alikuwa ameinua kidevu, hapepesi. Shangazi zake wawili waliokuwa kando wameshikilia pumzi.

"Piga basi, mwana," shangazi mmoja akasema pembeni ya mdomo. "Shingo inaniuma."

"Nimepiga."

"Umepiga lini?"

"Sasa hivi. Mara nyingi."

Akamtazama mwenzake. "Mimi sikusikia kitu."

"Hii haina mlio," nikasema. "Ni ya kisasa."

Sikuwahi kuona ua wa harusi ukibadilika haraka namna ile. Hakuna aliyegomba. Lakini mkono mmoja ulivuta mtandio, halafu mwingine. Wanawake waliokuwa wakicheza wakawa wanacheza huku jicho moja liko kwangu, na kila nilipoinua kamera, hata kuifuta, migongo iligeuka. Zamani walijua: wakisikia kwaa, picha imekwenda, wanaweza kushusha mabega, kujikuna, kulegeza kamba ya sidiria, kucheka mdomo wazi. Kati ya mlio na mlio walikuwa huru. Sasa hawakujua wako huru wakati gani.

Yule bibi akaniita kutoka mkekani. "Mpiga picha yuko?"

"Niko hapa, bibi."

"Mbona husikiki? Nilidhani hukuja, nikaanza kukusengenya."

Waliokuwa karibu wakacheka, nami nikacheka. Nilijaribu kutafuta kwenye kamera mahali pa kurudisha mlio, na mdogo wangu akapapasa mpaka akaupata. Ikalia: klik, ndogo, safi, kama ya simu. Bibi akatega sikio.

"Hilo ndilo?"

"Ndilo, bibi."

"Hilo umeliweka. Linalowekwa huondolewa." Akageuza uso upande wa ngoma.

Shughuli ilipokwisha nikafanya kama nifanyavyo siku zote. Nikasimama katikati ya ua, nikafungua kifuniko, nikatoa kadi, nikaiinua ionekane, nikamtia mama wa bibi harusi mkononi. Akaifunga kwenye pindo la kanga. Nikadhani yamekwisha.

Asubuhi yake, tukingoja boti, nilikaa kwenye baraza la nyumba tuliyolala nikiifuta kamera chumvi kwa kitambaa. Pale nilipotoa kadi, kifuniko hakikufunga vizuri. Nikakifungua tena, nikaona kuna tundu la pili, na ndani ya tundu kadi nyingine.

Kamera yangu ya zamani ilikuwa na tundu moja. Sikujua kuwa kamera inaweza kuwa na mawili. Nikaiwasha. Mwanzo zilikuja picha za msikitini: wanaume wamekaa kwa safu, kofia nyeupe, sheikh ameshika mkono wa bwana harusi wa watu nisiowajua. Nikabonyeza mbele, na mbele, na baada ya mwanamume wa mwisho akaja bibi harusi wa jana, nywele wazi, na shangazi zake, na wote. Kila nilichopiga kiliandikwa mara mbili. Kadi niliyoinua mbele za watu kwa mbwembwe ilikuwa nusu ya ukweli.

Mdogo wangu aliiona nyuma ya bega langu, akasema kwa sauti ya chini, "Futa tu, dada. Nani atajua?"

"Najua kubonyeza kitufe cha kufuta. Kama kimefutika kweli sijui."

"Basi itupe baharini."

"Halafu yule kijana akiniuliza iko wapi?"

"Mwambie hukuiona."

"Na nikikutana na mama wa bibi harusi sokoni, nimwambie nini? Naye nimwambie sikuiona?"

Hapo simu ikalia. Alikuwa mwenye studio. Alinisalimu vizuri, akaniuliza shughuli ilikuwaje, akasema, "Abaayo, usiifungue-fungue huko, chumvi itaingia. Niletee hivyohivyo, nitaisafisha mwenyewe." Nikamjibu inshallah. Yalikuwa maneno ya mtu anayeijali kamera yake. Yalikuwa pia maneno ambayo mtu mwenye nia mbaya angeyachagua, na sikuwa na namna ya kuyatenganisha.

Nilimwambia mdogo wangu tuiache boti iende.

Nyumbani kwa bibi harusi walikuwa wakinywa chai na mahamri yaliyobaki, mama na mama mkwe wake, na sufuria kubwa zimepinduliwa juani. Nikaketi, nikaeleza. Sikupamba. Nikasema kamera si yangu, ni ya mwanamume, ina matundu mawili, nilijua moja, na hii hapa ya pili. Nikamwonyesha mama kwenye skrini: safu ya wanaume, kisha binti yake.

Alitazama muda mrefu. Kilichomchoma, nadhani, ni ule ujirani. Wanaume wale wamekaa na kofia zao, na mwanawe anafuata bila mtandio, kana kwamba wamo chumba kimoja. Akanyoosha mkono, nikampa kadi.

"Na ya tatu iko wapi?" akauliza.

"Hakuna ya tatu, mama."

"Jana ulisema hakuna ya pili."

"Jana sikusema. Jana sikujua."

"Ni hilo ninalokuambia. Jana hukujua. Leo unajua nini?"

Nimeishi nikiwauliza watu maswali ya namna hiyo, na sikuwahi kufikiri jinsi yanavyomwacha mtu mikono mitupu. Kitu kilichopo unaweza kukitoa. Kitu ambacho hakipo utakitoa wapi uonyeshe? Nikaitoa betri, nikaitoa lenzi, nikafungua kila kifuniko, nikaiweka kamera juu ya sinia, imefumuka kama kaa aliyevunjwa. Akaichungulia, akatia kidole kila tundu.

"Kina mama wa hapa hawatakuita tena," akasema, si kwa ukali. "Hata nikiwaambia umerudi mwenyewe. Wataniuliza nililokuuliza."

Yule bibi alikuwa akimung'unya hamri. "Mchu mwenye kuiba harudi na chombo," akasema; kwa Kibajuni chetu mtu ni mchu. "Lete kinu."

Wakaitia ile kadi kinuni, mama akaipiga mchi mpaka ikawa chenga nyeusi. Nikaitazama ikipondwa nikijua kuwa pamoja na bibi harusi zinapondwa na nikaha za watu wengine.

Kismayo, yule kijana alipokea kamera, na kabla hajatazama lenzi, kabla hajauliza betri, akafungua kile kifuniko.

"Kadi yangu iko wapi?"

"Ulijua imo?"

"Ilikuwa na nikaha za watu, abaayo. Sijawapa bado."

"Ulijua imo, ukajua naipeleka wapi."

"Nilisahau. Wallahi nilisahau, nikakumbuka mmeshaondoka. Ningekuambia kwenye simu, nikaogopa utanifikiria vibaya."

Nikamweleza ilikokwenda. Aliinamisha kichwa. Nikajitolea kuzungumza mwenyewe na wenye nikaha, na nilizungumza nao, na yalikuwa mazungumzo mabaya. Kama alisema kweli sijui mpaka leo. Kila nikipita mbele ya studio ananisalimu, nami namjibu, na sote tunaharakisha kidogo. Mdogo wangu wa Mombasa nilimwuliza mara moja tu kama alijua chochote. Akasema, "Dada, hata mimi?" Nikamwambia ndiyo, hata wewe. Alikasirika mwezi mzima. Halafu akanitumia kamera.

Ilikuwa ya kioo. Imetumika, imechubuka pembe, tundu la kadi moja. Katika ujumbe wa sauti alisema ananitumia kitu cha makumbusho na kwamba siku moja nitakosa betri zake duniani. Huenda ni kweli. Nakubali kwamba zile mpya zinaona gizani kuliko hii, na kwamba picha za jioni ningezipata bora. Lakini mimi sichagui kamera kwa ajili ya picha peke yake. Nachagua kitu nitakachosimama nacho katikati ya wanawake waliofungua nywele, na kitu hicho lazima kiseme chenyewe kila kinapotazama, bila mimi kukiwekea sauti.

Nilikaa bila kuitwa. Harusi zilipita mtaani kwetu, nikasikia ngoma, na nikabaki ndani nikichapisha picha za pasi za watu. Mdogo wangu wa kike alisuka mikeka auze. Kisha ukaja ujumbe kutoka Kudhaa, kwa mwanamke aliyekuja kununua vyombo: binti mdogo wa nyumba ile anaolewa, na bibi yake ameuliza kama mpiga picha yuko hai.

Mlangoni nilimkuta mama wa bibi harusi mwenyewe, amekaa kando ya kapu la simu, kiti cha mama mwenye sauti amekichukua yeye. Hakunikumbatia. Alinyoosha mikono yote miwili. Nikampa kamera. Akafungua kifuniko cha betri, akatoa betri, akatia kidole. Akafungua kifuniko cha kadi, akatoa kadi, akatia kidole, akakizungusha ndani. Akatoa lenzi kama nilivyotoa mimi siku ile, akachungulia, akakutana na kioo, akajiona. Akarekebisha mtandio wake humohumo. Nyuma yetu foleni ya wanawake ilikuwa inangoja, na hakuna aliyelalamika; walikuwa wakitazama.

Siku hizi ndivyo inavyokwenda kila harusi, kisiwani na mjini. Naitoa kamera kabla sijaombwa. Wengine hutia kidole, wengine hutazama tu, na wapo wanaonusa mikono yangu kwa mzaha wakiniuliza kama nimeficha kitu kwenye hina. Sichukii. Ningekuwa mimi kwenye kiti kile ningetia kidole mara mbili.

Siku ile alipomaliza kuifunga, hakunipa mara moja. Aligeuza kichwa kuelekea ndani, kwenye mkeka kando ya mlango.

"Mama, unamtaka?"

"Aibonyeze kwanza," bibi akasema.

Nikaielekeza chini, kwenye kapu la simu, nikabonyeza. Kwaa.

"Mpisheni," akasema bibi.